Shepherd wangu anahara mwezi wa nne sasa, anakula sana ila anabaki mifupa, msaada jamani

mama_wawili
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa mnaofuga mbwa maana nimehangaika mpaka nimechoka. Nina German Shepherd dume, ana mwaka na miezi 8, nipo Kimara, nilimchukua akiwa na wiki 9 na chanjo zote kapata. Sasa tangu Machi anahara. Siyo yale ya maji kabisa, ni kama uji mzito, rangi ya njano iliyopauka, unang'aa kama umemwagiwa mafuta, mwingi sana, na harufu yake mpaka majirani wameshanisemesha, anaenda mara 5 hata 6 kwa siku. Hatapiki, hana homa, anacheza kama kawaida. Kinachoniuma ni kwamba anakula kuliko zamani, sufuria la ugali na dagaa anamaliza lote halafu anageukia kinyesi chake mwenyewe anakila, na bado anakonda tu, alikuwa kilo 31 juzi nimempima 23, mbavu unazihesabu.

Dawa ya minyoo nimempa mara 3. Daktari wa kwanza aliandika Flagyl (dawa ya kuua bakteria) siku 7, akapata nafuu siku nne hivi akarudi palepale, tukarudia ikawa hivyo hivyo, wa pili akachoma sindano bila hata kuangalia choo. Mume wangu anasema tumpeleke kwa ndugu yake shamba Bagamoyo, mimi siwezi, huyu mbwa amelala mlangoni kwa wanangu tangu mdogo. Mwenye kujua anisaidie.

kijana_wa_tabata
Pole sana dada. Acha dagaa kwanza, wanakuwa na mchanga na chumvi, mpe wali bokoboko na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa. Na maziwa kama unampa acha, mbwa wakubwa wengi yanawaharisha.

mama_wawili
Asante kaka. Maziwa simpi. Wali na kuku nimempa siku 10 nzima, kala vizuri tu ila choo kile kile.

mfugaji_arusha
Dada pole, mimi wa kwangu alihara miezi miwili ikaja kuonekana ni giardia. Ni kijidudu cha kwenye maji machafu na kinyesi, hakionekani kwa macho, na ubaya wake hakitoki kwenye choo kila siku kwa hiyo ukipima mara moja wanakwambia hamna kitu. Sisi tulipeleka choo cha siku tatu tofauti, cha tatu ndo kikaonekana. Alitumia dawa ya minyoo inaitwa fenbendazole siku 5 mfululizo, tukamuogesha hasa huku nyuma, banda tukalisugua likakauka na jua, maana bila hivyo analamba manyoya anajiambukiza upya. Ila wa kwangu choo kilikuwa na makamasi na hamu ya kula ilipungua, wako naona anakula sana, sasa hapo sijui. Pima choo kwanza kabla ya kununua dawa nyingine yoyote.

dokta_wa_mifugo_moro
Dada, mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma maelezo yako mara mbili na nakushukuru umeeleza choo vizuri maana choo ndo kinachotuambia shida iko wapi. Mbwa anayetoa kidogo kidogo, anajikamua, kuna makamasi au damu nyekundu, hapo mara nyingi ni utumbo mpana, tunafikiria minyoo ya kule na mengine. Wako anatoa kingi, kimepauka, kina mafuta, anakonda huku ana njaa kali mpaka anakula mavi yake. Hiyo ni picha ya chakula kupita bila kusagwa, na kwa Shepherd wa umri huo cha kwanza kinachonijia kichwani ni kongosho.

Kongosho ndo inatoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, nyama na wanga. Kwa Shepherd kuna ugonjwa unaokwenda kwa ukoo, ile nyama ya kongosho inasinyaa kidogo kidogo, na dalili hazionekani mpaka zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake iwe imeshapotea, ndo maana unaona kama imeanza ghafla. Flagyl inampa nafuu kwa sababu chakula kisichosagwa kinalisha bakteria utumboni wanazidi, dawa inawapunguza, ukiacha wanarudi. Kwa hiyo usirudie tena.

Fanya hivi, pima choo siku tatu kama mdau wa Arusha alivyosema ili minyoo na giardia tuviondoe kwenye hesabu, halafu omba kipimo cha damu kinaitwa TLI, kinaonyesha kama kongosho inafanya kazi, mbwa afunge kula usiku mzima kabla ya kutolewa damu. Kama kliniki yako haina, waulize hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) hapa Morogoro. Kama yote yanashindikana daktari anaweza kuanza tiba na kuangalia, mara nyingi ndani ya wiki moja mbili choo kinabadilika. Tiba ni ya maisha, unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, au kongosho mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa, kwa mbwa wa kilo 20 anza na kama gramu 90 mpaka 120 kila mlo. Usiipike, moto unaua vimeng'enya vyote. Na vitamini B12 ya sindano kila wiki kwa wiki 6, maana wengi wao inakuwa imeshuka. Pia usimzalishe.

Na tafadhali dawa za minyoo za binadamu, albendazole, usimpe kwa kurudiarudia, kwa mbwa inaweza kuharibu utengenezaji wa damu.

mama_wawili
Daktari nimelia hapa, umemuelezea kama unamuona. Hiyo kongosho nitaipata wapi, buchani nikiuliza si watanishangaa?

kijana_wa_tabata
Usiulize buchani dada, nenda machinjioni Vingunguti asubuhi uwaone wale wa matumbo. Waambie unataka kile kinyama cha rangi ya waridi kilichoshikana na utumbo pale unapoanzia tu kutoka tumboni.

dokta_wa_mifugo_moro
Sawa kabisa, ila iwe ya ng'ombe aliyepimwa na mkaguzi wa nyama, na uigandishe kwenye friza wiki nzima kabla ya kumpa. Nyama mbichi ya ndani inaweza kuwa na malengelenge ya tegu ambaye mbwa akimpata anaweza kuwapa watu wa nyumbani, hasa watoto. Kuganda hakuharibu vimeng'enya.

mama_wawili
Wakuu nimerudi baada ya mwezi na kidogo. Choo mara tatu hamna mdudu, damu ilichukuliwa, jibu limekuja ni kongosho kweli. Leo ni siku ya 24 tangu nianze kumchanganyia kongosho kwenye chakula, ya saba tu choo kikaanza kushikana, sasa anaenda mara mbili kwa siku, kinyesi chake hakigusi tena, leo asubuhi kilo 25 na nusu. Mume wangu ndo anakatakata sasa hivi na anapima kwenye mizani mwenyewe. Daktari swali moja, mwezi ujao tunaenda harusini Moshi na yeye tunaenda naye, njiani inakuwaje?

dokta_wa_mifugo_moro
Hongereni sana. Igawanye kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, weka kwenye boksi la barafu, mkifika tu iingie friza. Kifuko kikishayeyuka kitumike siku hiyo hiyo, usikigandishe tena.