Baba Mdogo anatimiza miaka 65: Medicare au bima ya kazini?

Baba Mdogo: Wanangu, Septemba nitatimiza miaka 65 na sina nia ya kuacha kazi. Wenzangu wengine wananihimiza nijiandikishe mara moja Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, wengine wanasema nibaki na bima ya kazini. Naomba ushauri wenu, hasa kwa kuwa mama yenu mdogo anatibiwa kwa bima yangu.

Dada: Shikamoo Baba Mdogo. Jambo la kwanza ni idadi ya wafanyakazi wa kampuni yako. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya kazini hulipa kwanza na Medicare hufuata, hivyo unaweza kuahirisha Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari, bila adhabu. Wakiwa chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza, na asiyejiandikisha anaweza kuachiwa sehemu kubwa ya gharama ailipe mwenyewe.

Baba Mdogo: Marahaba. Sisi tunapita mia tatu.

Dada: Basi uchaguzi ni wako. Sehemu A, inayohusu kulazwa hospitalini, haina ada ya kila mwezi kwa aliyelipa kodi ya Medicare kwa takriban miaka 10 ya kazi, nawe ulishaivuka. Sehemu B, ya kuonana na madaktari, ndiyo yenye ada.

Kaka: Ila ukiwa unaweka fedha kwenye akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi, huruhusiwi kuendelea kuweka ukishaingia hata Sehemu A peke yake.

Shangazi: Mimi ninamfikiria mke wako, kaka. Medicare ni ya mtu mmoja mmoja, haibebi wategemezi. Yeye ana miaka 61, na ukiiacha bima ya kazini sasa atabaki bila kinga. Kwangu hilo peke yake linatosha kukufanya ubaki nayo.

Dada: Nakubaliana na Shangazi. Utakapoacha kazi utapewa miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B, kuanzia ajira au bima yake inapokoma, lolote litakalotangulia. Nakusihi usiitegemee COBRA wakati huo: inakuruhusu kuendelea na bima ile ile kwa kuilipia mwenyewe, lakini haihesabiwi kuwa bima ya mtu aliye kazini, na ile miezi 8 inazidi kuyoyoma. Adhabu ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na kwa kawaida mtu huilipa muda wote anaokuwa na Sehemu B.

Mama Mdogo: Na dawa zake za shinikizo la damu?

Kaka: Aiombe ofisi ya utumishi barua inayothibitisha kwamba bima ya dawa ya kampuni inafikia kiwango cha Medicare, kisha aitunze vizuri. Kukaa siku 63 mfululizo au zaidi bila bima ya namna hiyo huleta adhabu nyingine, ya Sehemu D, yaani sehemu ya Medicare inayohusu dawa.

Baba Mdogo: Nimewaelewa. Nitabaki na bima ya kazini, Sehemu B nitaiahirisha, na Jumatatu nitakwenda kuiomba barua hiyo. Akiba ya matibabu sina, kwa hiyo Sehemu A nitajiandikisha.