Kipima unyevu cha maikrowevu kwenye chuti ya mahindi: namba zinayumba

Fundi_Ghala
Wakuu, nina chuti (mfereji wa mteremko) inayoshusha mahindi kutoka kwenye kikausho kwenda kwenye magunia. Nataka kukamata chochote kinachozidi unyevu wa 13.5%, kiwango cha Afrika Mashariki, bila kuchoma bambo, kile chuma cha kuchomoa sampuli, kila gunia. Nimefunga antena mbili zenye umbo la tarumbeta zinazotazamana, masafa ya 5.8 GHz, mahindi yanapita katikati kwa unene wa sm 10. Napima desibeli zinazopotea tu, yaani nguvu ya wimbi inayomezwa na mahindi. Mzigo uleule ukishuka taratibu unasoma 13, ukishuka kwa kasi unasoma 11. Ni antena au ni hesabu?

Mizani
Hesabu. Desibeli zinakuambia kuna maji kiasi gani kati ya antena. Hazijui kama yamepungua kwa sababu punje ni kavu au kwa sababu punje zenyewe ni chache. Mahindi yakienda kasi yanaachana, hewa inaingia, kipimo kinashuka.

Pima na fezi pia, yaani wimbi limecheleweshwa na mahindi kwa digrii ngapi, kisha gawanya desibeli kwa digrii za fezi. Vyote viwili vinapanda na kushuka pamoja na wingi wa mahindi, kwa hiyo ukigawanya, wingi unajifuta na unabaki na unyevu na joto. Joto lipimie ndani ya mahindi, siyo ukutani kwa chuti: mahindi ya moto kutoka kwenye kikausho yatasoma mabichi kuliko yalivyo.

Mtego uko kwenye fezi. Kwa sm 10 za mahindi yenye unyevu wa kawaida utapata kama digrii 470, lakini kifaa kitakuonyesha 110 kwa sababu kinaanza upya kila 360. Tumia desibeli kukisia uko mzunguko wa ngapi. Ukihamia 10 GHz ndiyo unaharibu kabisa: mizunguko inaongezeka, na ukubwa wa punje unakaribia urefu wa wimbi, mawimbi yanatawanyika.

Halafu weka kilango chini ya antena ili chuti ijae muda wote. Hilo peke yake litaondoa nusu ya kero.

Fundi_Ghala
Nikishuka 2.45 GHz je? Vipuri ni rahisi, na ile chipu ya AD8302 inatoa desibeli na fezi kwa pamoja.

Mawimbi
AD8302 inafika 2.7 GHz, inatoa milivolti 30 kwa desibeli na milivolti 10 kwa digrii. Ila fezi yake ni 0 hadi 180 tu, haitofautishi +90 na −90, na karibu na 0 au 180 haiaminiki. Tatizo kubwa zaidi: kwa sm 10 utapoteza desibeli 4 au 5 hivi. Mawimbi yanayorudi kutoka ukuta wa pili yatachanganyika na yanayopita. Ukitaka yasikusumbue, mahindi yenyewe yapunguze kama desibeli 10. Kwa unene wako, 5.8 GHz inatosha, baki hapo.

Hakikisha pia madirisha ni ya plastiki, maana bati linazuia mawimbi, na uyafute: vumbi lililoshika unyevu linasomeka kama mahindi mabichi. Usinunue vile vijimoduli vya kuhisi mwendo vya 10.525 GHz. Havina namna ya kukupa desibeli za kuaminika.

Mizani
Kwenye kusawazisha kipima na unyevu halisi, tumia oveni: gramu 100 za punje nzima, 103°C, saa 72. Uzito uliopotea ugawe kwa uzito wa mwanzo. Wapo wanaogawa kwa uzito mkavu, 13.5% inageuka 15.6%, kisha wanalaumu antena.

Kutengeneza sampuli mbichi: kilo 5 za 12% zikitakiwa ziwe 16% zinahitaji gramu 238 za maji. Funga kwenye ndoo isiyopitisha hewa, weka kwenye friji siku kadhaa huku ukigeuza kila siku, kisha ziache zirudi joto la chumba kabla ya kupima. Ukipima mapema, maji yako kwenye ganda tu. Andaa ngazi tano au sita kati ya 10% na 20%, kila moja uipime kwa viwango kadhaa vya joto. Mbegu ikibadilika, hakiki tena kwa sampuli mbili tatu za oveni.