Bafule ndogo za saloni: Edifier, Yamaha HS5 ao Wharfedale na ampli yake?

Usiku_Katuba

Jambo yenu wote. Natafuta bafule mbili ndogo za kusikilizia muziki nyumbani jioni nikitoka kazini. Si za bendi, si za sherehe. Saloni yetu ni kama mita nne kwa tatu na nusu, chini karo, kuta za matofali, juu plafo na mabati. Kiti changu kiko mita mbili toka meza ya televizyo. Nasikiliza rumba ya zamani, kwaya za kanisa, na zile rekodi za gitaa za Katanga za miaka ya 1950. Nataka sauti ninayoweza kukaa nayo saa mbili bila kichwa kuniuma, huku watoto wamelala chumba cha pili.

Nimebakiza tatu: Edifier R1280DB, ambayo ampli, yaani kile kifaa cha kukuza sauti, iko ndani, Yamaha HS5 za studio, ao Wharfedale Diamond 12.1, ambazo hazina umeme ndani, nitafute na kiampli. Umeme wa Lubumbashi mnaujua. Ukikatika tunabaki na betri ya sola ya volti 12.

Mngenunua gani, na kwa nini?

Mpiga_Besi

Ndugu, mimi napiga gitaa la besi kanisani na HS5 ndizo ninazoziamini. Kila moja ina ampli mbili ndani, wati 45 za koni ya inchi 5 na wati 25 za twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, na hazipambi kitu. Kwaya ikirekodiwa vibaya utaisikia vibaya. Ikirekodiwa vizuri utatambua alto wameingia wapi na tena wamekosa wapi.

Kuhusu besi, usitishwe na udogo wa boksi. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Hakuna koni ya inchi 5 itakayokupa hezi 41 kwa nguvu, ya kampuni yoyote ile. Lakini sauti hiyo huja pamoja na oktava yake ya hezi 82, na hiyo HS5 inaitoa safi; sikio lako lenyewe linajaza ya chini. Ndiyo maana unaweza kufuata mstari wa besi wa rumba noti kwa noti kwenye bafule ndogo.

Angalia mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Bei unayoonyeshwa mara nyingi ni ya bafule moja, si ya mbili. Na nyuma utakuta XLR, ile plagi ya pini tatu ya maikrofoni, na jeki kubwa tu, hakuna Bluetooth, kwa hiyo utahitaji waya za kuunganisha na simu ao kompyuta.

Mama_Kampemba

Mimi niko na Edifier hiyo hiyo. Nashona nyumbani na zinaimba toka asubuhi. Simu inaingia kwa Bluetooth, televizyo kwa waya wa optiki, na telekomandi iko. Ubavuni kuna vitufe viwili, cha besi na cha sauti nyembamba. Usiku nikipunguza sauti naongeza besi kidogo, na wimbo unabaki mzima.

Ni wati 42, zote mbili pamoja, na koni ya inchi 4. Kwa chumba kama chako zinatosha kabisa. Kwa arusi ya uani si kazi yake, lakini wewe umesema hutaki hiyo. Tundu la hewa liko mbele, kwa hiyo hata ukizisogeza karibu na ukuta hazibadiliki sana. Kwa mtu asiyetaka waya nyingi na mahesabu mengi, mimi ningesema nunua hizi ukalale.

Fundi_Mtaa_wa_Kenya

Mdogo wangu wa Katuba, ulichokiandika mwisho mimi nakiweka kwanza: umeme.

Bafule yenye ampli ndani ni mwili mmoja. Umeme ukirudi kwa kishindo ukachoma sehemu ya kuingizia umeme, koni bado nzima, twita bado nzima, lakini zote zimenyamaza mpaka upate bodi ya aina ile ile. Hapo kwetu unaweza kungoja miezi. Bafule isiyo na ampli ndani haijui umeme wa ukutani. Kinachochomeka ni kiampli, na kiampli unanunua kingine kesho yake. Bafule zako zinabaki na wewe miaka ishirini.

Sasa betri. Viampli vingi vidogo vya China vina chipu TPA3116 ya Texas Instruments, na chipu hiyo inafanya kazi kuanzia volti 4.5 mpaka 26. Maana yake betri yako ya sola unaichomeka moja kwa moja, na fyuzi kati, bila inverta ya kugeuza volti 12 kuwa 220. Inverta yenyewe inakula betri hata muziki ukiwa chini. Edifier na Yamaha zote mbili zinataka 220 ya ukutani, kwa hiyo usiku wa giza utawasha inverta kwa ajili yao tu.

Utaniuliza kama volti 12 zina nguvu. Hesabu ni hii: kwa bafule ya omu 8, volti 12 zinakupa karibu wati 9 kila upande, volti 24 zinakupa karibu 36. Diamond 12.1 imeandikwa desibeli 88, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja ukiwa mita moja. Ukikaa mita mbili, bafule zote mbili zikiimba, wati moja moja tu zinakupa kama desibeli 85. Hiyo tayari ni kubwa kwa nyumba yenye watoto waliolala! Maongezi ya kawaida ya watu yako kwenye 60 hivi. Utaishi chini ya wati moja karibu muda wote, na zile nane zinazobaki ni za mpigo wa ngoma unaoruka ghafla.

Ndiyo maana sipendi maboksi yaliyoandikwa wati elfu tatu. Shika adapta, soma nyuma yake. Volti 24 mara ampea 4 ni wati 96, na hakuna ampli itakayotoa zaidi ya ile inayoingia. Hapo hapo kwenye kibandiko soma volti: bafule yenye ampli iliyotengenezwa kwa 120 ya Marekani ukiichomeka kwenye 220 yetu imekwisha siku ile ile.

Mpiga_Besi anasema kweli juu ya HS5, na kwa kazi yake ningemnunulia hizo hizo. Lakini zimetengenezwa kwa mtu anayechanganya muziki ameinama mbele ya meza, sauti ikiwa ya kutosha. Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio linapoteza besi mapema kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo msikilizaji wa usiku anahitaji kuongeza besi kidogo, kama Mama_Kampemba anavyofanya. Swichi ya HS5 inayogusa upande wa chini inapunguza tu, 2 ao 4 desibeli, haiongezi. Wewe tafuta kiampli chenye kitufe cha besi.

Mama_Kampemba

Papa fundi, kwa umeme nakubali. Mimi siku zote nachomoa, na umeme ukirudi nangoja kidogo kabla ya kuchomeka. Lakini kijana akinunua Wharfedale, asiondoe kile kitambaa cha mbele. Mtoto wa miaka mitatu akiona twita anataka kuibonyeza kwa kidole.

Nguba_Bukavu

Salamu toka Bukavu. Nyumba yangu ni ya mbao, na ukuta wa mbao unaimba pamoja na besi, kwa hiyo mahali pa kuziweka nimepahangaikia sana. Yaya wa Katuba, yoyote utakayonunua, usiiingize ndani ya etajeri kati ya vitabu na sahani, hata kama zinaitwa za etajeri. Tundu la HS5 kwa mfano liko nyuma. Ukilibana ukutani besi inavimba na kufunika sauti ya mtu.

Mwambie seremala akutengenezee miguu miwili, kila mmoja bomba la mbao lililojazwa mchanga mkavu, urefu wa kufanya twita iwe sawa na sikio lako ukiwa umekaa. Juu ya mguu kata kipande cha sponji ya godoro, kisha bafule. Ziachane karibu sawa na umbali wako toka kwazo, mita moja na nusu mpaka mbili. Ziache nafasi toka ukutani, mkono mzima ukiweza.

Halafu simama katikati ya saloni upige kofi moja. Kwenye karo na matofali utasikia mlio mkali unaobaki hewani. Huo ndio unaouma kichwa, kuliko bafule yenyewe. Zulia kati ya kiti na bafule, pazia nzito dirishani, unapiga tena, mlio umekwisha.

Na una bahati na hizo rekodi za gitaa za zamani, kwa sababu ni za mono, yaani bafule zote mbili zinatoa sauti ile ile. Sauti ya mwimbaji lazima itoke katikati kabisa, pale ambapo hakuna boksi lolote. Ikikaa upande mmoja, sogeza bafule vidole viwili vitatu, sikiliza tena. Ikikataa kukaa mahali popote, yaani imesambaa na besi ni nyembamba, waya mmoja umegeuzwa, yaani chanya na hasi za bafule moja zimebadilishana.

Usiku_Katuba

Aksanti sana wote. Nachukua Wharfedale na kiampli cha TPA3116 chenye kitufe cha besi, na miguu kesho naenda kuongea na seremala. Papa fundi, bado waya. Nitahitaji kama mita tano kila upande. Nichukue gani, na nitajuaje kwamba sikuigeuza?

Fundi_Mtaa_wa_Kenya

Milimita 1.5 ya shaba inatosha kwa mita tano. Usilipie zaidi. Ila kabla ya kulipa, kwaruza ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Tuko Katanga, mji ulijengwa kwa shaba, usikubali waya wa kudanganya.

Kujua kama umegeuza, chukua betri ndogo ya redio ya volti 1.5. Fungua kitambaa cha bafule, waya ukiwa umeshafungwa kwenye bafule lakini bado haujaingia kwenye ampli. Gusa chanya ya betri kwenye ule waya uliokusudia uwe chanya, na hasi kwenye mwingine, mara moja tu, uachie. Koni ikisogea kwako, ni sawa, weka alama nyekundu. Ikirudi ndani, badilisha. Fanya hivyo kwa zote mbili, kisha uzifunge kwenye ampli ikiwa imezimwa.