Tumemtuma Dodoma akashike shilingi, kashukuru mpaka kengele imelia!

Wakuu, nina hasira hata chai haipiti kooni.

Huyu mheshimiwa wetu mnamjua, simtaji. Chama chetu bungeni ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na gumba linabaki. Dakika 5 za kuchangia bajeti tumezisubiri kama mvua. Vijana wamekesha wakimwandikia: aseme bila jibu la barabara yetu anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anataka mshahara huo ukatwe shilingi moja ili waziri abanwe ajibu, haachii!

Mtu kasimama kama mshenga. Kamshukuru Mungu, Spika, Naibu Spika, waziri, katibu mkuu, mkewe. Kengele ya kwanza bado yuko kwa wakwe. Ya pili: "Naunga mkono hoja!" Kakaa. Hoja ya waziri huyo huyo!

Chadema 2005 walipata majimbo 5 tu. 2007 mbunge wao Zitto kapeleka hoja binafsi ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, kasimamishwa bungeni, karudi mtaani shujaa. 2010 majimbo 23. Wetu akisimamishwa labda kwa kuzidisha shukrani. Wakwe, jamani! Wakwe!

Mzee wa Kijiweni: Si ulimpigia kampeni mwenyewe na fulana ukavaa? Kunywa uji ulale.

Binti Kisamvu: Wako angalau kaongea. Wangu wa chama kikubwa, tangu aapishwe sauti yake naisikia misibani tu.

Kanuni Mkononi: Mleta uzi, Buzwagi peke yake haikuleta 23. Umeruka orodha ya mafisadi ya Dk. Slaa wa Chadema pale Mwembeyanga na moto wa kashfa ya umeme ya Richmond. Halafu mdomo si kila kitu: NCCR-Mageuzi 1995 walipata majimbo 16, wakagombana wenyewe, 2000 likabaki 1.

Mleta uzi: Nani kauliza historia? KAUNGA MKONO! Na meza kagonga!

Mzee wa Kijiweni: Fulana bado unayo?

Dereva Mstaafu: Barabara ipi hiyo? Ya kwetu bodaboda anadai nauli na hela ya dawa ya mgongo.

Binti Kisamvu: Nyie mna barabara ya kulalamikia. Huku maji wiki ya pili hayatoki, bili imekuja.

Dereva Mstaafu: Bili ya upepo hiyo, mita inasoma hewa. Kwangu pia.

Binti Kisamvu: Kumbe! Anayemjua fundi wa mita anicheki PM.