DMT, UDA na KAMATA: zilihusianaje, na kwa nini UDA ilizidiwa na abiria?

Mkazi wa Temeke

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wazee wanapozungumzia usafiri wa zamani wa Dar es Salaam, majina ya DMT, UDA na KAMATA hutajwa kwa kupokezana kana kwamba ni kampuni moja. Naomba anayefahamu anieleze uhusiano wake, na pia ilikuwaje UDA, iliyokuwa haina mshindani, ikashindwa kuwahudumia wakazi wa jiji.

Mstaafu

DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, ilianzishwa mwaka 1949 ikiwa mali ya Waingereza. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: mabasi ya mjini yakawa ya UDA, Usafiri Dar es Salaam, na yale ya mikoani yakaenda KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa.

Kuhusu kuzidiwa, wengi husema ni uzembe. Uzembe haukukosekana, lakini nauli ilipangwa na Serikali ili mtu wa kipato cha chini aimudu, ilhali tairi na vipuri vilihitaji fedha za kigeni, ambazo baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 zilikuwa adimu mno. Basi lililokosa kipuri kimoja liliegeshwa gereji, na muda si mrefu likaanza kunyofolewa vifaa vya kuyaokoa mengine. Ikarus za Hungaria, hasa zile ndefu zenye mpira wa kujikunja katikati tulizoziita kumbakumba, zilibeba umati mkubwa kweli. Ikiharibika moja, umati huohuo ulibaki kituoni, na jiji lilikuwa likizidi kupanuka.

Konda wa zamani

Nakubaliana na Mzee hapo juu, naongeza kidogo. Magari ya watu binafsi yalikuwa yakibeba abiria kwa kuvizia hadi Serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983, na ndipo daladala zilipotamalaki. Hata hivyo, tusizisifu kupita kiasi. Dereva hudaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, hivyo mwanafunzi anayelipa nauli pungufu huonekana hasara, na wengi wameachwa vituoni huku konda akiwa amesimama mlangoni kuwazuia. Basi la shirika, hata likichelewa, halikuwa na sababu ya namna hiyo ya kumkataa mtoto wa shule.

Mpanga Mji

Mleta mada, UDA haikuishia hapo. Jina lake limo katika UDA-RT, kampuni iliyoanza kuendesha mabasi yaendayo haraka mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ikiwa na mabasi 140, chini ya usimamizi wa Wakala wa DART. Kwa maoni yangu, kipimo cha kampuni ya aina hii ni mabasi mangapi yanatoka gereji alfajiri. Idadi iliyonunuliwa haimsaidii abiria aliyepanga foleni Kimara. Ndiyo maana nashangaa hadi leo kwamba maegesho na karakana vilijengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, mahali ambapo mvua kubwa za masika hufunga barabara yenyewe na kuyalazimu mabasi kuhamishwa kabla maji hayajafika.