Mgahawa wa "mboga tupu" Mtwara mjini umemlisha mwanangu uduvi, halafu ukanitoza VAT bila risiti

Wakuu, habari za jioni. Mods, nawaomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapishi. Sijaja kupika.

Jumamosi iliyopita niliitoa familia kula. Kijana wangu kamaliza darasa la saba, nilikuwa nimemwahidi tangu mwezi wa tatu, na hela ya korosho ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Wenye mashamba mnaijua hela ile, usipoitumia wewe inatumiwa na ndugu. Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, bi mkubwa wangu (mama yangu mzazi) na watoto watatu.

Kwa nini mgahawa wa mboga? Bi mkubwa ana jongo, daktari kampiga marufuku nyama nyekundu na dagaa. Na binti yangu wa miaka tisa ana aleji ya kamba. Kamba wakubwa, kamba wadogo, uduvi, ukoo mzima. Kwa huku pwani kumlisha mtoto wa hivyo nje ya nyumbani ni mtihani, maana uduvi tunautia kila mahali. Kwa hiyo nilipoona pale mlangoni wameandika "mboga tupu, hakuna nyama, hakuna samaki", nikasema Mungu kaniona.

Mahali penyewe pazuri, sibishi. Upande wa baharini, upepo, vitambaa vyeupe, kijana wa kukufungulia mlango kama huna mikono. Menyu ina jalada la ngozi. Mama watoto akaninong'oneza, "Ng'ombe hawampiki, lakini wamemchuna." Tulicheka. Laiti tungeondoka palepale.

Sasa nisomeni vizuri hapa. Kabla ya kuagiza nilimwita mhudumu nikamwambia, huyu mtoto ana aleji ya kamba na uduvi, akila anavimba. Kuna chakula chochote chenye hivyo? Akasema hakuna. Nikamuuliza mara ya pili, na kwenye viungo je? Akacheka kidogo, "Ondoa shaka mzee, hapa ni mboga tu." Bi mkubwa shahidi.

Tukaagiza. Kisamvu cha nazi sahani 18,000, na sokoni fungu la kisamvu ni mia tano. Mbaazi za nazi 16,000. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha vipande vinne, vinne wakuu, 14,000, imepangwa kama msalaba na jani la kotimiri juu. Saladi ya korosho 20,000, nikahesabu korosho kumi na moja. Niko Mtwara, nimetoka kupima magunia ya korosho ghalani wiki ileile, nahesabu korosho kumi na moja kwenye sahani! Lakini hayo nilimeza. Mtu ukienda kwenye vitambaa vyeupe umeshakubali kuibiwa kistaarabu.

Bi mkubwa alianza kulalamika kabla ya kuonja. Alikitazama kisamvu akasema hakikutwangwa, kimesagwa kwa mashine, na nazi imetiwa mapema. Kwake kisamvu ni kinu na mchi, kisha moto wa saa kadhaa mpaka ule ukali wa majani ya muhogo uishe, nazi ndiyo ya mwisho. Nikamwambia mama, leo tule tu. Akatia kijiko mdomoni, akatulia. Huyu ni mtu aliyezaliwa Mikindani, uduvi anaujua hata ukiwa nyumba ya tatu. Akasema, "Mwanangu, hiki kina uduvi."

Nikageuka kwa binti. Ameshakula vijiko viwili au vitatu, anajikuna shingo. Dakika chache mdomo wa juu umeanza kunenepa, anasema koo linamwasha. Mama watoto hakungoja mtu, alimbeba mtoto, akatoka nje, akapanda bajaji kwenda zahanati. Mimi nikainuka niwafuate.

Meneja akasimama mbele yangu. "Samahani mzee, bili kwanza."

Mnaelewa? Mtoto anavimba, huyu bwana anataka bili. Nikamwambia mwanangu kala uduvi wenu. Akamwita mpishi. Mpishi akatoka jikoni anafuta mikono, na jibu lake nalinukuu kama lilivyo maana silisahau: "Uduvi siyo nyama mzee, ni kiungo. Naupiga unga nautia kijiko kimoja tu, bila hivyo kisamvu hakina ladha." Mhudumu niliyemuuliza mara mbili anatazama viatu vyake. Meneja akaongeza kwamba wateja wao wa siku zote hawajawahi kulalamika. Watalalamikaje, bosi, wakati umeandika mlangoni kwamba haumo? Anayekula mboga kwa dini yake amekula viumbe vyako mwaka mzima bila kujua, unataka akulalamikie nini?

Sina ugomvi na uduvi. Nyumbani tusingekuwa na huyu mtoto ungekuwamo kila wiki. Andika tu kwamba upo.

Bili sasa. Chakula na vinywaji 165,000. Huduma asilimia 10, yaani 16,500 ya kunizuia mlangoni. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, 32,670. Jumla 214,170. Nikalipa kwa simu huku mikono inatetemeka, nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. "Mashine mbovu." Wakanipa kikaratasi cha bili, hakina QR, hakina chochote cha kuhakiki. Kwa hiyo VAT yangu imekwenda wapi? Jumatatu nikarudi kuifuata risiti. Mashine bado mbovu, ila ya kupokea malipo ya kadi ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, niliiona kwa macho yangu.

Zahanati walimchoma mtoto sindano, wakamweka chini ya uangalizi mpaka saa tatu usiku. Yuko salama, alhamdulillah. Kijana aliyemaliza shule, mwenye sherehe yake, alishindia ming'oko vipande viwili na akalala na njaa.

Jina la mgahawa sitalitaja, sitaki kesi. Wa Mtwara mjini mmeshaujua. Ninachouliza: kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili mahali likasikilizwa? Nianze na watu wa afya wa halmashauri au TRA, watu wa kodi? Picha za menyu na kile kikaratasi ninazo, nikipata bando naziweka hapa.

Jana bi mkubwa katwanga kisamvu chake mwenyewe, kwenye kinu chake. Mtoto akakaa mbele ya sahani, hajagusa kijiko, akauliza, "Bibi, umetia uduvi?" Bi mkubwa ameninunia mimi tangu jana, eti nimemfanya mjukuu amwogope.