Tupeane uzoefu: ulifungaje duka lako la shanga na vifaa vya kutengenezea mapambo?

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita nimekabidhi funguo za fremu yangu ya Kariakoo, ambamo kwa miaka tisa nilikuwa nikiuza shanga, nyuzi, ndoano za hereni, kufuli za mikufu, waya, koleo na vikorokoro vingine vyote ambavyo mtengenezaji wa mapambo anavihitaji. Nilipokuwa ninaanza, kila mtu alikuwa na ushauri wa namna ya kufungua biashara. Nilipotaka kufunga, sikumpata hata mmoja wa kunieleza nianzie wapi. Kwa hiyo ninaomba tupeane uzoefu hapa, wenye maduka na wateja, ili atakayefikwa na jambo hili kesho asilazimike kupapasa gizani kama nilivyopapasa mimi. Ninaanza na yangu.

Sikufunga kwa sababu ya hasara ya siku moja. Wateja wangu wakubwa, wale wa kununua shanga kwa kilo, walianza kuagiza wenyewe kutoka China kupitia mawakala wa mizigo, nikabaki na wateja wa vipande kumi, ishirini, ambao ninawapenda lakini hawalipi pango. Pango lenyewe hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima mbele, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo: nilijua miezi minne kabla kwamba sitaweza kuendelea, lakini nilimlipa mwenye fremu miezi sita mingine kwa matumaini tu, na fedha ile ndiyo iliyokuwa mtaji pekee niliobaki nao.

Kosa la pili ndilo ninalotaka mlisikilize kwa makini. Nilipotangaza kwamba ninafunga, nilipunguza bei ya kila kitu kwa nusu siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja kufuli, ndoano, uzi wa nailoni, koleo na shanga za kioo za Kicheki zote zilikuwa zimekwisha, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo kila fundi anavihitaji bila kujali mtindo wake. Nikabaki na shanga kubwa za plastiki, shanga za mbao zilizopauka na rangi ambazo fasheni yake ilishapita, na hakuna mtu anayepanda daladala kutoka Mbagala kuja kununua bidhaa za namna hiyo peke yake. Laiti ningejua, ningefunga vifurushi: kila kifurushi kiwe na kufuli mbili, ndoano jozi tano, uzi kiasi, na zile shanga zisizotoka zikiwa ndani yake, ili kinachotakiwa kikivute kisichotakiwa. Nilikuja kufanya hivyo mwishoni kwa kununua kufuli upya kwa jirani yangu, kwa bei kubwa kuliko niliyokuwa nimeziuzia, na vifurushi vikaisha kwa siku kumi na mbili.

Kuhesabu mali nako kusikudanganye. Fremu ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu watatu wakiingia wa nne hungoja nje, lakini nilihesabu zaidi ya aina 1,100 za bidhaa, kwa sababu ushanga mmoja wa bluu una namba 6, namba 8, namba 10 na namba 11 (namba ikipanda, ushanga unapungua ukubwa), na kila namba ina bluu tatu au nne. Nilitumia siku nne na mizani ya kupimia dhahabu niliyoiazima. Bila hesabu hiyo ningekubali bei ya dalali mmoja aliyetaka kuchukua duka zima kwa fedha ambayo, nilipokuja kupiga hesabu, haikufikia hata thamani ya nyuzi.

Mwanachama, Arusha

Pole sana dada, na ahsante kwa kuanzisha. Mimi nilifunga mwishoni mwa 2020, na kwangu tatizo kubwa halikuwa mali iliyobaki dukani, bali mali iliyokuwa mikononi mwa watu.

Wateja wangu walikuwa akina yeyo, yaani akina mama wa Kimaasai, wa vikundi vya kushona shanga, wanaouza kwa watalii wanaokwenda mbugani. Utaratibu wetu ulikuwa wa miaka mingi: wanachukua shanga kwa mkopo kabla ya msimu, wanashona, watalii wakija wananilipa. Mwezi Machi mwaka ule watalii walikatika, na daftari langu likabaki na madeni ya vikundi kumi na vinne. Ndugu zangu waliniambia niwafuate mpaka kwenye maboma yao. Sikuweza, kwa sababu nilijua kwamba hawakunidhulumu. Wao walikuwa wamekaa na mikufu iliyokwisha kushonwa na hakuna wa kuinunua.

Tulichokubaliana ni wanilipe kwa kazi. Hapo tulikaa kitako, kwa kuwa ilibidi tupange thamani ya mkufu, na mimi kwa miaka yote nilikuwa muuza shanga, sikuwahi kuhesabu saa za mkono wa mtu. Tulikadiria shanga zilizoingia kwa uzito, tukaongeza siku za kushona kwa malipo ya kibarua wa shamba, na bei ya mwisho tukaipunguza kidogo kwa pande zote mbili. Mikufu ile niliiuza polepole kwa muda wa mwaka mmoja na nusu baada ya watalii kurudi. Haikulipa deni lote, lakini ililipa sehemu kubwa, na mpaka leo ninapopita kwao ninakaribishwa chai.

Jambo lingine kwa yeyote mwenye wateja wa kazi ya Kimaasai: rangi nyekundu, nyeupe na buluu zikibaki, usizichanganye mizigo. Nyekundu ya mzigo wa mwaka huu na nyekundu ya mwaka juzi zinafanana zikiwa kwenye paketi, lakini zikikaa sambamba kwenye mkufu mpana wa shingoni, tofauti inaonekana kwa mbali, na mshonaji anayejua kazi atazikataa. Mimi niliziuza kila mzigo na karatasi yake, nikiandika umebaki gramu ngapi, ili mnunuzi ajue kama zinatosha mkufu mmoja au bangili tu. Kwa njia hiyo hata mabaki ya gramu mia mbili yalipata mwenyewe.

Mwanachama, Mombasa

Assalaam alaykum jamaa. Huku kwetu Kenya ninataka kugusia jambo ambalo wenye maduka madogo huliruka, nalo ni haki ya mfanyakazi. Nilikuwa na binti mmoja aliyefanya kazi nami miaka sita, na nilidhani kwamba kwa kuwa duka ni dogo, kumpa mshahara wa mwezi wa mwisho na zawadi kungetosha. Rafiki yangu mwanasheria akanionyesha Sheria ya Ajira ya 2007: anayeondolewa kwa sababu kazi yenyewe imekwisha hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba naye huarifiwa, na hulipwa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kwa miaka sita, hizo ni siku tisini. Sikuwa na fedha hizo taslimu.

Nilimweleza ukweli wote, nikamfungulia vitabu vya hesabu, tukakubaliana kwa maandishi: sehemu nitamlipa fedha, na sehemu atachukua bidhaa kwa bei niliyonunulia mimi. Alichagua kwa akili kuliko nilivyotarajia. Hakuchukua shanga ghali. Alichukua kufuli, pete ndogo za kuunganishia na ndoano, kwa kuwa ndivyo vinavyozunguka haraka. Sasa anauza kwenye meza karibu na Marikiti, na baadhi ya wateja wangu wa zamani wako kwake.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi: kufunga mlango si kufunga hesabu. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yako kwa ofisi ya kodi, mwisho wa kuipeleka ni tarehe 30 Juni, na maadamu jina lako bado limo kwenye orodha ya wanaotakiwa kuipeleka, utaipeleka hata kama hukuuza ushanga mmoja. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kujua, nikatozwa faini.

Mwanachama, Mwanza

Mimi sikufunga, nilikabidhi, na labda hilo nalo linahusika hapa. Mteja wangu wa siku nyingi alichukua duka lote, mali pamoja na makabati, akanilipa kwa awamu nane. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Awamu mbili za mwisho zilichelewa miezi mitano, lakini zilikuja. Ushauri wangu ni mmoja: pango lihamie jina lake siku ile ile anayochukua funguo, la sivyo mwenye nyumba ataendelea kukudai wewe.

Mwanachama, Zanzibar

Naomba niseme upande wa mteja, kwa sababu mimi si mwenye duka. Ninatengeneza hereni na bangili, ninauza Mji Mkongwe. Duka nililokuwa ninanunua kwa miaka saba lilifungwa ghafla. Nilivuka na boti, nikafika asubuhi, nikakuta mlango umefungwa na karatasi isiyo na maelezo yoyote. Nilikuwa na oda ya jozi 60 za hereni kwa hoteli, na ndoano zangu zilibaki kumi na mbili.

Wenye maduka pengine hamjui ndoano ni kitu gani kwetu. Wageni wengi wana mzio wa nikeli: akivaa hereni yenye ndoano ya madini hayo, sikio linamwasha na kuvimba, na hatarudi tena. Mwenye duka yule alikuwa amenitafutia ndoano za chuma kisichoshika kutu ambazo hazikuwahi kumdhuru mteja wangu yeyote, na mimi sikuwahi kumuuliza anazitoa wapi, kwa sababu nilijua yupo. Alipoondoka, nilijaribu aina nne kutoka kwa wauzaji wengine. Mbili ziligeuka rangi ndani ya wiki kwa jasho na hewa ya chumvi, na kwa aina ya tatu mteja mmoja alinirudishia hereni huku sikio lake likiwa limevimba. Oda ya hoteli niliipoteza.

Baada ya miezi mitatu nilimpata yule mama kwa simu. Hakuwa amefunga kwa kupenda. Alikuwa akimuuguza mumewe. Alinisomea kutoka kwenye daftari lake jina la muuzaji wa jumla na namba ya bidhaa, dakika tano tu, na kazi yangu ikasimama tena. Simlaumu hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba, kabla hamjafunga, mtuachie maandishi ya mahali mlipokuwa mkinunua vile vitu vichache tunavyovitegemea, kwa sababu ukishafunga, siri ile haikuletei fedha tena, lakini kwetu ni riziki ya kila siku.

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Nimewasoma wote, na wewe wa Zanzibar umenifanya nikae kimya kwa muda. Nilikuwa na wateja kama wewe, wasiopungua thelathini, na nilichowapa ni tangazo la punguzo la bei. Jana usiku nimefungua daftari langu la manunuzi nikaanza kuandika orodha: bidhaa, namba yake, muuzaji wa jumla, na bei ya mwisho niliyonunulia. Nimefika ukurasa wa tatu. Nikimaliza nitawatumia wote niliokuwa na namba zao, kila mtu na vile alivyokuwa akinunua.

Kwa aliyeniuliza pembeni kuhusu kodi huku kwetu, nilifanya hivi. Niliiandikia barua ofisi ya kodi ya wilaya yangu kabla ya kutoa mali ya mwisho, nikieleza tarehe ya kufunga, na nikaambatanisha ripoti ya mwisho ya mashine ya risiti. Makadirio ya kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo ukifunga katikati ya mwaka bila kutoa taarifa, awamu zinazofuata zinabaki zikikuhesabia kana kwamba bado unauza. Namba ya mlipakodi inabaki kuwa yako. Kinachofungwa ni biashara. Nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa nimeihifadhi pamoja na stakabadhi za miaka ya nyuma, na ninawasihi msizichome hata mkihama nyumba.

Dada wa Arusha, nina swali kuhusu malipo ya kazi ya mikono. Mimi nami ninadai kikundi kimoja cha Bagamoyo kinachotengeneza shanga za kiunoni, na wamenipendekezea jambo hilo hilo. Je, shanga za kiunoni zilizokwisha kutungwa ulizipangia thamani kwa uzito kama mikufu, au kwa urefu wa uzi? Viuno havilingani, na sitaki kuwapunja.

Mwanachama, Arusha

Kwa uzi mmoja mmoja, dada, si kwa uzito. Waambie waache ncha ndefu, wasizifunge, ili atakayenunua apimiwe kiunoni mwake na fundo lipigwe pale pale. Shanga zinazobaki baada ya kupima ziwe za mtungaji.